Kadi ya Picha kwa Televisheni ya Bwalo: Tuchague kwa Akili, Si kwa Bei

Ndugu zetu wa majeshi na wa polisi hawahitaji kuambiwa faida ya televisheni. Katika mabwalo mengi siku hizi televisheni kubwa bapa imetundikwa ukutani, na ile saa ambayo zamani ilikuwa ya karata na hadithi imekuwa pia saa ya habari, ya mpira, na ya filamu za mafunzo: huduma ya kwanza, usomaji wa ramani, sheria za barabarani, utunzaji wa silaha. Wakati huo huo, katika ghala za ofisi, zimelundikana kompyuta za mezani zilizostaafishwa kabla ya kuchoka. Wakuu wengi wameona, na wameona vema, kwamba kompyuta moja ya namna hiyo ikitiwa mfumo wa Linux, ambao haudaiwi ada ya leseni, kisha ikaunganishwa na televisheni ya bwalo, kikosi kitapata darasa, maktaba na jumba la sinema kwa gharama ndogo.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewatatiza watunza ghala wengi: tununue kadi gani ya picha? Mara nyingi swali hili hujibiwa na mwenye duka, naye hutaja kadi ya bei kubwa kuliko zote, au ile iliyokaa rafuni muda mrefu kuliko zote. Matokeo yake ni kwamba fedha ya umma imetoka, hati ya kupokelea mali imetiwa sahihi, na kioo cha televisheni kimebaki cheusi mbele ya askari waliokaa tayari kwa somo.

Sisi twalisema hili tangu mwanzo ili lisipotee katikati ya maelezo mengi. Kadi ya kuunganisha Linux na televisheni haichaguliwi kwa nguvu zake wala kwa bei yake. Huchaguliwa kwa mambo mawili, nayo ni tundu la televisheni na draiva iliyomo ndani ya Linux. Mengine yote hufuata nyuma ya hayo.

MFUMO ULIOANZISHWA NA LUTENI

Wako wadhaniao kwamba Linux ni mchezo wa wanafunzi. Ni kweli ulianzishwa na mwanafunzi. Linus Torvalds alikuwa na umri wa miaka 21, akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipoutangaza mwezi Agosti mwaka 1991. Lakini wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mtu huyo alikwisha kuvaa magwanda. Alitumikia jeshi la nchi yake katika Brigedi ya Uusimaa, akapitia mafunzo ya uafisa, akatoka na cheo cha luteni usu, na kazi yake ilikuwa ya uangalizi wa mizinga. Kwa hiyo mfumo huu, kwa namna fulani, ni mtoto wa nyumbani.

Sifa kubwa ya Linux ni kwamba maandishi yake ya programu yako wazi. Mtu yeyote mwenye ujuzi aweza kuyasoma, kuyasahihisha, na kuyagawa kwa wengine. Sifa hii si pambo tu, kwani ndiyo itakayoamua ni kadi ipi itakayotutumikia na ipi itakayotusumbua.

KAZI NNE ZA KADI

Kadi ya picha, ambayo mafundi huiita kadi ya grafiksi, ina kazi nne inapounganishwa na televisheni. Kwanza huchora picha yenyewe, yaani madirisha, maandishi na alama zote tunazoziona. Pili huifungua filamu iliyofumbatwa, kwa sababu filamu huhifadhiwa katika hali ya kukandamizwa ili isichukue nafasi kubwa, na kuikunjua ni kazi nzito. Tatu huipeleka picha hiyo nje kupitia tundu, kwa kasi ambayo televisheni yaweza kuipokea. Nne huipeleka sauti pamoja na picha katika waya mmoja.

Kazi ya kwanza hufanywa vema na karibu kila kadi. Wachezaji wa michezo ya kompyuta hulipa fedha nyingi kwa ajili ya kazi hiyo, kwa kuwa michezo yao huchora ulimwengu mzima mara nyingi katika kila sekunde. Bwalo halina haja hiyo. Bwalo lahitaji kazi ya pili, ya tatu na ya nne, na kazi hizo hazipimwi kwa bei.

TUANZE NA UPELELEZI WA TELEVISHENI

Afisa mwema hapangi mashambulizi kabla ya kupeleka doria. Vivyo hivyo, kabla ya kutaja kadi yoyote, yafaa mtu aende nyuma ya televisheni akiwa na tochi na karatasi, aandike matundu aliyoyakuta na ukubwa wa picha ulioandikwa katika kitabu cha maelezo.

Ikiwa televisheni ni ya nukta 1920 kwa 1080, kazi ni nyepesi. Kila kadi ya miaka ya karibuni yenye tundu la HDMI itaitosheleza kwa picha 60 katika kila sekunde. Ikiwa ni ya nukta 3840 kwa 2160, ile ambayo wauzaji huiita 4K, hapo lazima tuangalie kizazi cha HDMI. Tundu ni lile lile kwa macho, lakini vizazi vyake si sawa. HDMI ya kwanza ilitolewa mwaka 2002. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 hupitisha biti bilioni 10.2 kwa sekunde, nayo hufikisha 4K kwa picha 30 tu katika sekunde, hata mpira ukipigwa huonekana unaruka-ruka, na kishale cha kipanya huburuta miguu. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 hupitisha biti bilioni 18, na hiyo hufikisha 4K kwa picha 60 bila taabu. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 hupitisha hadi biti bilioni 48, na hufikisha picha 120.

Kwa bwalo, picha 60 zatosha kabisa. Filamu nyingi zilipigwa kwa picha 24 katika sekunde, na matangazo ya mpira hayazidi 50 au 60. Askari anayelipia 120 kwa ajili ya habari za saa mbili usiku ni sawa na mtu aliyekodi lori la tani saba kubebea begi lake la nguo.

Yako pia matundu ya zamani. VGA, lile la pini 15, halipitishi sauti, na picha yake hufifia kadiri waya unavyorefuka. Televisheni ya zamani ya kioo cha mgongo mrefu, yenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe, haipati mwenzake katika kadi za leo. Hiyo itahitaji kisanduku cha kugeuza HDMI kuwa ishara ya kale, na maandishi madogo yatasomeka kwa shida. Kwa filamu itafaa, lakini kwa somo la ramani haifai.

HUENDA KADI HAIHITAJIKI

Kabla ya kufungua mkoba, tutazame kwanza tulicho nacho. Kompyuta nyingi za ofisi zina uwezo wa picha ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa za Intel za kizazi cha saba, zilizoingia sokoni mwaka 2016 na 2017, hufungua filamu za H.264, za HEVC na za VP9 bila kutoka jasho. Kompyuta ya namna hiyo, ikiunganishwa na televisheni ya nukta 1920 kwa 1080, haina haja ya kadi yoyote. Waya wa HDMI ndio gharama yote.

Tatizo huja kwa televisheni ya 4K. Katika kompyuta za mezani za Intel hadi kizazi cha kumi, njia ya HDMI ya prosesa ni ile ya 1.4, isipokuwa mtengenezaji wa bodi aliongeza chombo cha kugeuza. Lakini mara nyingi nyuma ya kompyuta hizo hizo kuna tundu jingine liitwalo DisplayPort, ambalo laweza kutoa 4K kwa picha 60. Televisheni karibu zote hazina tundu hilo. Dawa yake ni adapta ya kugeuza DisplayPort kuwa HDMI 2.0, na lazima iwe ile yenye chombo cha umeme ndani yake. Adapta ya bei ndogo isiyokuwa na chombo hicho huipitisha tu ishara kama ilivyo, na mtu hurudi pale pale alipokuwa. Mtunza ghala aulize jambo hili dukani kwa maneno yaliyo wazi, na apewe jibu kwa maandishi.

DRAIVA NDIYO KWATA YA KADI

Ikiwa kadi yahitajika, sasa twafikia jambo la pili na lililo zito zaidi. Draiva ni programu inayoifundisha kompyuta namna ya kuiamrisha kadi. Kadi bila draiva ni kuruta asiyejua kwata: ana nguvu za kutosha, lakini hakuna amri anayoielewa.

Kampuni tatu ndizo zinazotawala uwanja huu, nazo zimefuata njia tofauti. Intel kwa miaka mingi imetoa draiva zake kwa uwazi, nazo zimo ndani ya kiini cha Linux. AMD, baada ya kuinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, ilianza mwaka 2007 kutoa maelezo ya kadi zake kwa wasanifu wa Linux, na mwaka 2015 draiva yake mpya iitwayo amdgpu iliingia katika kiini. Nvidia kwa muda mrefu ilitoa draiva yake yenyewe ikiwa imefungwa, isisomeke na mtu wa nje. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Finland, Torvalds alisema hadharani kwamba Nvidia ilikuwa kampuni mbaya kupita zote ambazo wasanifu wake walipata kushughulika nazo, na akafuatisha ishara ya mkono ambayo hatutaieleza katika ukurasa huu. Mwezi Mei 2022 Nvidia ilifungua sehemu ya draiva yake inayokaa ndani ya kiini, kwa kadi za kuanzia mwaka 2018, lakini sehemu kubwa ya kazi ilibaki nje, na hiyo ilibaki imefungwa.

Tofauti hii yamhusuje koplo anayetunza televisheni ya bwalo? Yamhusu kwa mambo matatu.

La kwanza ni siku ya kwanza. Kadi ya Intel au ya AMD huamka yenyewe mara mfumo unapowekwa. Draiva iliyofungwa huhitaji kupakuliwa na kuwekwa kwa mkono, na kambi nyingi ziko mahali ambapo intaneti hupatikana kwa kudonoa. Tuseme kweli, hata Intel na AMD zahitaji faili ndogo za femwea ili kadi iamke. Mfumo wa Debian ulizitenga faili hizo hadi mwaka 2023, ndipo toleo la 12 lilipozitia katika diski ya kuweka mfumo. Kwa hiyo tutumie toleo hilo au lililo jipya zaidi.

La pili ni siku ya masahihisho. Kiini cha Linux kikibadilishwa, draiva iliyomo ndani yake hubadilika pamoja nacho. Draiva iliyo nje lazima ijengwe upya, na ikishindwa kujengwa, asubuhi yake kioo kitakuwa cheusi.

La tatu ni uzee. Hapa mfano ni bora kuliko maneno. Kadi za AMD Radeon HD 7000 ziliingia sokoni mwaka 2012. Mwezi Juni 2021 AMD yenyewe iliacha kuzitolea draiva mpya upande wa Windows. Lakini upande wa Linux, kwa sababu draiva iko wazi, mwaka 2025 wasanifu walikuwa wangali wanaziboresha. Kwa upande mwingine, kadi ndogo ya Nvidia GT 1030, iliyotoka mwaka 2017 na kupendwa na wengi kwa utulivu wake, iliwekwa mwaka 2025 miongoni mwa zile ambazo tawi la draiva namba 580 ndilo la mwisho kuzihudumia kikamilifu. Kadi iliyo kongwe kwa miaka mitano ilibaki kazini, na iliyo changa ikaonyeshwa mlango. Haikuwa kwa ubovu wa chuma. Draiva yake ilikuwa mikononi mwa bwana mmoja, naye alipochoka, hapakuwa na mwingine wa kumpokea lindo.

UGOMVI WA MWAKA 2024

Hata hivyo, haifai msomaji adhani kwamba uwazi hauna adui. Yuko, naye amesimama kwenye tundu lenyewe la televisheni. Kanuni za HDMI hutungwa na chama cha makampuni kiitwacho HDMI Forum, kilichoundwa mwaka 2011. Kanuni za 2.1 hazikuachwa wazi kwa watu wote. Wasanifu wa AMD waliandika draiva ya HDMI 2.1 kwa ajili ya Linux, wakaomba ruhusa ya kuitoa kwa uwazi kama zilivyo draiva zao nyingine. Mwezi Februari 2024 ilijulikana kwamba chama hicho kimelikataa ombi lao.

Maana yake ilikuwa hii: mtu aliyenunua kadi ya AMD yenye tundu la 2.1, akatumia draiva ya wazi, alipata nguvu za 2.0 tu. Chuma kilikuwepo, waya ulikuwepo, televisheni ilikuwa tayari, lakini ruhusa haikuwepo. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Valve ilipotangaza mashine yake ya michezo itumiayo Linux na kadi ya AMD, tundu la HDMI lilitajwa kuwa la 2.0. Nvidia haikufungwa na pingu hizo, kwa kuwa kazi ya HDMI katika kadi zake hufanywa na femwea iliyofungwa. Intel nayo, katika baadhi ya kadi zake za Arc, iliweka chombo cha kugeuza DisplayPort kuwa HDMI ndani ya kadi yenyewe. Mambo ya namna hii hubadilika, na atakayetaka picha 120 aulize hali ilivyo siku ya kununua. Njia nyingine ni kutumia tundu la DisplayPort la kadi pamoja na adapta yenye chombo.

Kwa bwalo letu, ambalo picha 60 zalitosha, ugomvi huo hautunyimi kitu mezani. Lakini una funzo ambalo askari na polisi hawana budi kulishika. Mali tuliyoilipia yaweza kuzuiliwa nusu ya uwezo wake na mkataba ambao hatukuuona wala hatukuutia sahihi. Kwa hiyo tusinunue kwa kusoma namba iliyoandikwa juu ya sanduku, bali kwa kuuliza ni kiasi gani cha namba hiyo kinachofanya kazi chini ya Linux.

KADI INAYOENEA KATIKA SANDUKU

Kompyuta za ofisi nyingi ni nyembamba, na kadi ya kawaida haiingii ndani yake. Yahitajika kadi fupi, yenye bati la nusu kimo. Tena ugavi wa umeme wa kompyuta hizo ni mdogo, na mara nyingi hauna waya wa kuilisha kadi pembeni. Kipachiko cha PCI Express chenyewe, kile kirefu cha kadi ya picha, hutoa wati 75 kwa wingi, basi kadi yetu isizidi hapo. Na kwa kuwa bwalo lina joto na vumbi, kadi itumiayo umeme kidogo hudumu zaidi, na feni yake haishindani na sauti ya mwalimu.

Kadi tatu ndogo zafaa kutajwa. AMD RX 6400 ya mwaka 2022 hutumia wati 53, draiva yake ni ya wazi, na kwa 4K ya picha 60 haina matata. Upungufu wake ni kwamba haifungui filamu za AV1. Intel Arc A310, nayo ya mwaka 2022, hufungua za AV1, za HEVC na za VP9, lakini yataka kiini cha Linux cha toleo la 6.2 la mwaka 2023 au jipya zaidi, na Intel yenyewe yashauri iwekwe katika kompyuta ya kizazi cha kumi au zaidi. Nvidia GT 1030 hutumia wati 30 tu, lakini hatima yake tumekwisha kuieleza. Aliye nayo aitumie hadi mwisho wake. Asiye nayo asiifuate.

LUGHA ZA FILAMU

Tumetaja majina kama H.264 na AV1. Hizi ni kodeki, yaani lugha za kuikandamiza filamu. H.264 ni ya mwaka 2003, na karibu kila kadi huifahamu. HEVC ilikuja mwaka 2013, na ndiyo itumikayo sana katika filamu za 4K. AV1 ilitolewa mwaka 2018, nayo haidaiwi ada. Kadi isiyoijua lugha ya filamu huiachia prosesa kazi yote. Prosesa ikiwa dhaifu, picha hukwama, sauti hutangulia midomo, na feni hulia kama injini ya Land Rover inayopanda mlima.

Hapa pia kuna mitego ya kisheria. Mwaka 2022 mfumo wa Fedora uliondoa uwezo wa kadi za AMD kufungua H.264 na HEVC, kwa kuogopa hati za haki za uvumbuzi. Mwenye kutumia Fedora hupata uwezo huo kutoka hazina ya nje ya programu. Kwa kadi za Nvidia, mtego uko mahali pengine: vivinjari vya Linux huzungumza na kadi kwa njia iitwayo VA-API, ambayo draiva ya Nvidia haiitumii moja kwa moja, na daraja la kuunganisha pande hizo mbili limejengwa na watu wa kujitolea.

SAUTI, RIMOTI NA KINGO ZA PICHA

Picha ikishatokea, mara nyingi sauti huwa bado. Hilo si kosa la kadi. Linux huendelea kupeleka sauti katika tundu la spika za kompyuta mpaka iamriwe, katika ukurasa wa mipangilio ya sauti, kuipeleka kwa HDMI.

Ikiwa kingo za picha zimekatwa, lawama ni ya televisheni. Hiyo ni desturi iliyorithiwa kutoka enzi za kioo cha mgongo mrefu, ambapo picha ilitanuliwa kidogo ili kuficha kingo zake mbovu. Katika menyu ya televisheni kuna amri ya kuonyesha picha kwa ukubwa wake halisi, nayo hulimaliza jambo hilo. Ikiwa weusi umekuwa kijivu, au sura za watu zimezama gizani, basi kadi na televisheni hazikukubaliana juu ya ngazi za rangi. Televisheni huhesabu kutoka 16 hadi 235, na kompyuta kutoka 0 hadi 255. Menyu ya televisheni huwa na mahali pa kulisawazisha hilo. Menyu hiyo hiyo, kwa televisheni nyingi za 4K, ndiyo yenye amri ya kulifungulia tundu la HDMI nguvu zake zote, na mara nyingine ni tundu moja au mawili tu yenye nguvu hizo.

Rimoti ya televisheni haitaiongoza kompyuta, kwa kuwa kadi nyingi za kompyuta hazipitishi amri zake. Iko adapta ya USB kwa kazi hiyo, au itumike kibodi ndogo isiyo na waya. Na televisheni iwashwe kabla ya kompyuta, maana kompyuta inapoamka huuliza ni nani aliye upande wa pili, na isipojibiwa yaweza kuchagua picha ndogo au kunyamaza kabisa.

MAJARIBIO KABLA YA SAHIHI

Twamalizia kwa ushauri wa watu wa ghala. Kadi isipokelewe kwa kuhesabiwa tu, bali ijaribiwe kwanza. Fundi aitie katika kompyuta ile ile itakayotumika, aiunganishe na televisheni ile ile, kwa waya ule ule. Aandike amri ya lspci -k, na mstari wa kadi uonyeshe jina la draiva inayotumika: i915 au xe kwa Intel, amdgpu kwa AMD, nvidia au nouveau kwa Nvidia. Kwa kadi ya Intel au AMD, aandike amri ya vainfo, naye ataorodheshewa kodeki ambazo kadi huzifungua. Aangalie katika mipangilio ya kioo kama 4K inapatikana kwa picha 60. Aonyeshe filamu ya dakika 30 yenye sauti, kisha aizime kompyuta, aiwashe tena, na kuhakikisha kwamba kila kitu kimerudi mahali pake bila kuguswa. Hapo ndipo hati itiwe sahihi.

Wako watakaosema kwamba huo ni usumbufu mkubwa kwa ajili ya televisheni tu. Sisi hatukubaliani nao. Somo la kuzuia damu lililoonyeshwa vizuri jioni moja bwaloni laweza kuokoa uhai wa askari porini mwaka ujao, na polisi aliyeiona kwa macho namna sahihi ya kusimamisha gari usiku hatajifunza kwa kugongwa. Chombo cha kufundishia ni chombo cha kazi kama redio na bunduki. Hakuna mtunza ghala anayepokea risasi bila kuzilinganisha na bunduki iliyopo. Basi asipokee kadi bila kuilinganisha na televisheni iliyopo, na kuuliza ni nani atakayeitunza draiva yake mwaka wa sita.